Kutoka Moshi wa Elburgon hadi Mvuke wa Bogoria

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapokaribia, mtu wa Elburgon akitoka nje asubuhi hutupa jicho kwanza juu ya vilele vya miti. Wakulima wanatafuta wingu. Sisi wa msituni tunatafuta moshi.

Mji wetu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kwenye mteremko wa Mau kati ya Njoro na Molo, na umeishi kwa mbao tangu reli ya kwenda Kisumu ilipopita hapa karne iliyopita ikianza. Ukishuka kwenye matatu, kinachokupokea ni harufu ya unga wa mbao. Ukipanda kuelekea Mariashoni unapita mashamba ya miti ya serikali, saiprasi na misonobari iliyopandwa mstari kwa mstari, na chini yake sindano kavu za misonobari zimerundikana hadi zinazamisha kifundo cha mguu. Juu zaidi ndipo unapokutana na msitu wa asili wenye mierezi na mianzi. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, viwanda vya mbao vilifunga milango na vijana wengi wakabaki mitaani. Marufuku hiyo ilidumu hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza hapa jirani, Molo, kwamba anaiondoa. Kwa miaka yote hiyo miti iliyokomaa ilisimama, matawi yakakauka yakaanguka, na kila kiangazi kilikuta chakula cha moto kimeongezeka.

Mimi ni mwanachama wa chama cha msitu cha jamii, mojawapo ya vyama ambavyo sheria ya misitu ya mwaka 2016 inavitambua kufanya kazi pamoja na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Mvua zikinyesha tunalima viazi na maharagwe katikati ya miche na kuipalilia hadi ijitegemee. Kiangazi kikifika tunageuka kuwa walinzi wa moto.

Moto wa huku mara nyingi una mwenyewe. Ni mkulima aliyechoma mabaki ya shamba akijiandaa kupanda, mrina asali aliyeacha kienge kikifuka, mchoma makaa aliyekimbia askari, mfugaji anayetaka nyasi mpya zichipue, au kishungi cha sigara kilichotupwa kando ya njia. Wote hao ni majirani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yetu hufanyika barazani na makanisani mwezi Desemba, kabla hata kijiti hakijawaka. Moto ukishashika, hakuna aliye na muda wa kuuliza nani aliuwasha.

Asubuhi huwa shwari. Umande unakauka saa nne au saa tano, na kufikia saa nane mchana upepo unaanza kupanda kutoka bondeni. Hapo ndipo moto uliokuwa ukitambaa kwenye majani unaporukia matawi. Kwenye mteremko moto hukimbia kupanda, kwa sababu joto lake linakausha kilicho juu yake kabla haujakifikia, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kutosimama juu ya moto. Vifaa vyetu ni panga, jembe, reki, pampu ya mgongoni ya lita chache, na matawi mabichi ya kupigia. Maji hayatoshi kamwe. Kinachozima moto wa msonobari ni udongo mtupu. Mnatangulia mbele ya moto, mnafyeka na kukwangua ukanda hadi ardhi nyekundu ionekane, kisha mnasimama nyuma ya ukanda huo mkizima kila cheche inayovuka.

Watu wa mjini hudhani kwamba moto ukishapoteza ndimi zake kazi imekwisha. Kwangu kazi ngumu kuliko zote ndiyo inaanza hapo. Kisiki cha msonobari kinaweza kuungua ndani kwa ndani siku kadhaa, na mizizi yake ikabeba moto chini ya ardhi na kuutoa upande wa pili wa ukanda mliojivunia. Kwa hiyo tunatembea kwenye majivu hatua kwa hatua, tumevua glavu ya mkono mmoja. Unapitisha mgongo wa kiganja karibu na ardhi bila kuigusa. Mgongo wa kiganja ngozi yake ni nyepesi, inahisi haraka kuliko upande wa ndani uliokomaa kwa jembe, na hata ukiungua bado utashika panga. Ukihisi pumzi ya joto, unapiga magoti, unachimba, unakuta mzizi mwekundu kwa ndani, unaukata, unaupindua, unachanganya udongo baridi na maji kidogo, kisha unarudisha mkono tena. Ukishapata baridi unasonga hatua moja. Hekta moja inaweza kumeza siku nzima ya watu wengi. Usiku, ukioga, majivu yanatoka masikioni.

Elburgon ina sababu nyingine ya kuogopa moshi, na siwezi kuandika kuhusu kazi hii nikairuka. Eneo hili la Molo liliona nyumba zikichomwa wakati wa mapigano ya kikabila ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kuna kina mama hapa ambao moshi ukitokea ng'ambo ya bonde hawaulizi ni msitu gani. Wanaita watoto ndani kwanza. Na tarehe 31 Januari 2009, hapo Sachang'wan kwenye barabara kuu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka, mafuta yakalipuka, na zaidi ya watu 100 wakaangamia. Kila mtu wa umri wangu anamjua aliyempoteza mtu pale. Tunapopita vijijini kuomba watu wasichome mashamba siku za upepo, tunaongea na watu ambao wanajua vizuri moto ni nini. Inatupasa kuongea nao kwa heshima.

Kazi ya namna hii inakula mtu, na watu wa zimamoto wa misitu kote duniani wanalijua hilo. Katika nchi kame za kusini magharibi mwa Marekani, Arizona na New Mexico, msimu wa moto hupamba moto kuanzia Mei hadi Juni, kabla ya mvua zao za Julai. Vikosi vya huko vikimaliza siku 14 za kazi mfululizo hulazimishwa kupumzika, kwa sababu walijifunza kwamba mtu aliyechoka hasikii upepo ukigeuka. Tarehe 30 Juni 2013, karibu na Yarnell, Arizona, upepo uligeuka na kuua wazima moto 19 wa kikosi kimoja cha Granite Mountain. Vijana wa vikosi kama hivyo, wakipata mapumziko, wengi hupanga mikoba na kwenda kutembea kwenye makorongo na majangwa ya jirani, Grand Canyon ikiwa mojawapo. Niliposoma habari hiyo nilishangaa kwa furaha, maana ndivyo nilivyokuwa nikifanya bila kujua kwamba kuna wengine.

Zamu zetu ni za makubaliano. Tunaandika majina kwenye daftari la mistari, nani yuko kwenye mnara wa kutazamia, nani yuko doria, nani amepumzika. Jina langu likiangukia upande wa mapumziko, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko steji na mkoba mgongoni. Mama yangu hajawahi kulielewa jambo hili. "Mwanangu, wewe umetoka kwenye moto, unaenda tena kwenye joto? Si ukae hapa kwenye kivuli, unywe chai?"

Kivuli ndicho kinachonichosha. Nikikaa chini ya msonobari kiangazi, macho yangu yanahesabu sindano kavu. Nilijaribu kwanza Longonot, mlima wa mita 2,776 ambao mzingo wa kreta yake ni matembezi ya kilomita 7 na ushei, na ni mlima mzuri mno. Lakini umejaa majani hadi juu, na mwezi Machi 2009 uliwaka vibaya, kwa hiyo nilipouzunguka nilikuwa kazini moyoni: upepo unatoka wapi, ukanda ungekatwa wapi, watalii hawa wangekimbilia upande gani. Hell's Gate nako, pamoja na raha ya kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na miamba mirefu, ni nyika ya nyasi, na korongo lake lina hatari yake: mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019, kwa mvua iliyonyesha mbali na walipokuwa. Nilihitaji mahali ambapo hakuna cha kuungua. Mahali hapo nilipapata kwa kushuka kaskazini, Bogoria.

Njia yenyewe ni nusu ya raha. Unaanza na jaketi na soksi nzito, kwa kuwa Februari asubuhi Elburgon kuna baridi ya kuuma masikio. Njoro unapita mashamba makubwa ya ngano na shayiri yaliyobaki mabua. Nakuru unabadilisha gari, unanunua ndizi na maji kwa wachuuzi wa dirishani, kisha barabara inapita ubavuni mwa Menengai na kuelekea Kampi ya Moto na Mogotio. Hapo jaketi limeshaingia mkobani. Mashamba ya katani yanaanza, migomba inatoweka, migunga inachukua nafasi. Mogotio kuna kibao cha Ikweta ambapo wasafiri hushuka kupiga picha. Hewa inayoingia dirishani baada ya hapo ni kavu, ina vumbi, inanukia mbuzi na majani ya mgunga. Kutoka nyumbani hadi ziwani umeshuka zaidi ya mita elfu moja, na mwili unalijua hilo kabla hujaambiwa. Misuli ya mabega, iliyokazwa wiki nzima na kamba za pampu, inalegea yenyewe.

Bogoria ni ziwa la magadi, jembamba na refu, limelala chini ya ukuta wa mawe. Wakoloni waliliita Hannington, kwa jina la askofu aliyepita hapa mwaka 1885 na kuuawa Busoga mwaka huo huo. Wenyeji walilijua kwa jina lao na jina hilo limerudi. Tangu 2011 ni sehemu ya urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na Nakuru na Elementaita. Kando ya maji kumejaa mawe meusi ya volkano, nyasi ni za kuhesabika, na ardhi yenyewe inachemka.

Siku ya kwanza kuona chemchemi za maji moto za Loburu kwa mbali, mwili wangu ulishtuka. Safu za kitu cheupe zilikuwa zikipanda kutoka ardhini kando ya maji, na mguu ulikuwa umeshaanza kukimbia kabla akili haijanena. Moshi wa msonobari naujua: una rangi ya kijivu inayoingia umanjano, unalala kufuata upepo na hauachi kurefuka. Huu ulikuwa mweupe safi, unapanda mita chache na kuyeyuka. Mvuke. Nilisimama nikautazama kwa muda mrefu, na nikahisi kitu ambacho nilikuwa sijakihisi tangu Krismasi: kuona kitu kikipanda angani na kutotakiwa kufanya chochote.

Tangu hapo nikifika ninaanzia pale. Zamani, wanasema vijana wanaoongoza wageni, mtu angeweza kuzunguka chemchemi nyingi kwa miguu mikavu. Ziwa limepanda mno katika miaka ya karibuni na limefunika baadhi yake pamoja na barabara ya zamani, kwa hiyo mahali pengine unaona maji ya ziwa yenyewe yakibubujika kutoka chini. Kwenye chemchemi zilizobaki watu wanachemsha mayai ndani ya mfuko wa wavu. Ardhi pembeni yake imepakwa chumvi nyeupe na kutu ya manjano, na nyayo za viatu zinapata joto ukisimama sana. Mkono wangu hujishusha wenyewe, mgongo wa kiganja kuelekea chini, kama niko kwenye majivu. Hapa sina haja ya kuchimba. Joto hili limekuwapo tangu bonde lipasuke na halimdai mtu yeyote.

Heroe huwa wengi au wachache kutegemea mwani wanaoula ulivyositawi mwaka huo. Wakiwa wengi, ukingo wote unakuwa waridi na sauti yao haikomi. Ninatembea kufuata ukingo hadi jua linapokuwa kali, ninapumzika chini ya mwamba, ninakula chapati nilizobeba, ninaangalia mteremko wa Siracho ng'ambo ikiwa tandala atajitokeza. Simu mara nyingi haina mtandao. Mwanzoni jambo hilo lilinitesa. Sasa huwa ninampigia kiongozi wa zamu nikiwa Marigat, ninamwambia kwamba sitapatikana hadi jioni, naye ananijibu, "Nenda dada, tupo."

Jambo ambalo nimelifikiria sana nikitembea huku ni nani anayeachiwa kulinda ardhi. Waendorois walifukuzwa kando ya ziwa hili miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Wakapeleka kilio chao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na mwaka 2010 uamuzi ukatangazwa kwamba haki zao zilivunjwa. Juu kwetu, Waogiek wa Mau, ambao wengi wao ni majirani zangu wa Mariashoni, walishinda kesi kama hiyo katika Mahakama ya Afrika kule Arusha, tarehe 26 Mei 2017, na mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia. Barabara ninayosafiri wikendi inaanzia kwa jamii moja na kuishia kwa nyingine, na zote zinasubiri hukumu zitekelezwe kikamilifu. Mimi nimezima moto bega kwa bega na wazee wa Kiogiek. Wanajua ni bonde gani upepo hugeuka na ni kijito gani hakikauki hata Machi. Msitu unaowaweka nje watu kama hao unajinyima walinzi wake bora. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye mteremko unaowaka.

Marigat ninalala. Ni mji wa vumbi, asali, na matikiti maji yanayopangwa kando ya barabara kama mawe ya mpaka. Ni mji pia wa mathenge, mti wa miiba ulioletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema kabisa, kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Ukaenea, ukameza malisho na njia za mifugo, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi, hadi wenyeji wakaishtaki serikali na kumpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi. Kwa mtu anayepanda miti kila masika, Marigat ni mahali pa kufikiria vizuri. Mche unaopandwa leo atakayeishi nao ni mtu mwingine, pengine hajaulizwa.

Jumapili asubuhi ninapanda bodaboda hadi Kampi ya Samaki, ukingoni mwa Ziwa Baringo. Hili ni ziwa la maji yasiyo na chumvi, lakini usitarajie maji ya kuonyesha uso wako. Ni ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Migunga mikavu imesimama ndani ya maji mbali na nchi kavu, na paa za nyumba zilizozama zinaonekana, kwa sababu ziwa hili nalo limepanda tangu miaka ya 2010. Wavuvi wa Ilchamus bado wanatumia mitumbwi midogo iliyofungwa kwa miti myepesi ya majini, mtu mmoja kwa mtumbwi mmoja, miguu imekunjwa mbele, na wanapiga maji kwa vibao vidogo viwili mkononi.

Mzee mmoja alikuwa akipanga kambare na kamongo wake kwenye majani. Nilimsalimu, akaniuliza ninakotoka.

"Elburgon, mzee."

"Elburgon ya Molo?"

"Ndiyo."

Akanyanyua kichwa, akanitazama vizuri, kisha akaonyesha ziwa kwa kidevu. "Basi haya ni ya kwenu."

Nilidhani anasema maji. Akachota kwa kiganja, akayaacha yapite katikati ya vidole, akanionyesha kilichobaki: tope laini jekundu. Mto Molo unazaliwa kwenye misitu yetu ya juu, unashuka kupitia nyanda za Rongai na Mogotio, na unaishia humu. Kila mteremko unaofyekwa au kuungua kule, mvua za kwanza zinausomba hadi hapa. Mzee alisema samaki wanazaliana kwenye kina kifupi penye majani, na tope likilala juu ya majani hayo, nyavu zinarudi nyepesi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa upole uliochoma, "Mwaka huu mmechomeka sana?"

"Si sana, mzee. Bado tunapambana."

"Pambaneni, mama. Sisi hatuwezi kupanda huko."

Tangu siku hiyo siwezi tena kusema kwamba ninashuka bondeni kusahau kazi. Ninashuka kupumzika, na ninapumzika kweli, ila nikiwa nimesimama mwisho wa mto ambao mwanzo wake ndio ninaoulinda. Kule juu, ukiwa umepiga magoti kwenye majivu, msitu ni kisiki kilicho mbele yako. Unahitaji kusimama Kampi ya Samaki ili uone urefu wake wote.

Simu iliita nikiwa bado pale ukingoni. Moto ulikuwa umeonekana upande wa juu wa Mariashoni tangu alfajiri, wenzangu walikuwa wameshaanza kukata ukanda. Damu ilinipanda. Nilimwambia kiongozi wa zamu kwamba ninatafuta gari sasa hivi.

"La, dada," akasema. Nyuma yake nilisikia panga zikigonga matawi. "Ukifika hapa itakuwa jioni, umekunjika kwenye gari kwa saa nyingi, hujala, na upepo ndio utakuwa umechacha. Utanisaidia nini? Maliza siku yako. Ule. Ulale mapema. Kesho alfajiri nataka mtu mzima."

Nilitii, na kutii kulikuwa kugumu kuliko kukimbia. Nilibaki kando ya ziwa hadi mchana nikitazama kusini, ambako hakuna kitu kinachoonekana ila vilima vya ukungu. Nilijua majina ya kila mtu aliyekuwa kule. Nilijua ni nani ana goti bovu na ni nani hunywa maji kidogo kwa kuwaachia wengine. Lakini nilijua pia kwamba daftari la zamu halina maana kama aliyepumzika hapumziki. Kikosi kinachoita watu wote kila moto unapotokea huwa na watu wote waliochoka siku ya tatu, na siku ya tatu ndiyo moto huamka tena chini ya visiki. Nimewahi kuwaona watu wazuri wakilala wamesimama, reki mkononi, hatua chache kutoka kwenye mti unaofuka. Hao hawakuhitaji ujasiri zaidi. Walihitaji mtu aliyelala usingizi aje awapokee.

Nilikula samaki wa mzee yule na ugali, nikapanda gari la saa saba, na saa moja usiku nilikuwa Elburgon. Mlimani kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Mama alikuwa ameniwekea maji ya kuoga na hakusema neno kuhusu joto.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri tulipanda tukiwa kundi dogo la waliopumzika. Waliokuwa kule tangu jana walitukabidhi kila kitu kwa sauti zilizokauka: ukanda umefika wapi, mti gani ni mbovu na unaweza kuanguka, kijito kipi kina maji, nani ametokwa na damu puani akapelekwa zahanati. Wakaketi, wakanywa uji, wengine wakalala hapo hapo kwenye nyasi kabla kikombe hakijaisha. Sisi tukavua glavu za mkono mmoja na kuanza kutembea kwenye majivu.

Ilichukua hadi katikati ya wiki kupata ardhi baridi kote. Ulioungua ulikuwa ukanda wa misonobari michanga na kipande cha mianzi, si mkubwa kwa kuulinganisha na moto uliopanda Mlima Kenya Machi 2012 au ule wa Kilimanjaro Oktoba 2020, lakini uko kwenye mteremko mkali, juu ya mojawapo ya vijito vinavyoelekea Mto Molo. Nikawaeleza wenzangu alichonionyesha mzee wa Kampi ya Samaki. Hatukuwa na fedha wala mashine. Tulikuwa na matawi yaliyoungua nusu, na hayo ni mengi. Tukayalaza kukata mteremko, safu juu ya safu, tukayakandamiza kwa vigingi na mawe ili yashike udongo mvua ya kwanza itakapopiga. Wazee wa Kiogiek walituonyesha mahali ambapo maji hujikusanya, na hapo tukaweka safu mbili mbili. Askari wa KFS aliyepita kukagua alituletea panga mbili zaidi.

Masika yakianza tutapanda tena, safari hii mierezi kando ya kijito badala ya misonobari hadi maji yalipo. Tumeshakubaliana kwenye mkutano na miche iko kitaluni. Kwenye daftari, kiongozi wa zamu amechora mstari mpya unaosema kila mtu aliyefanya kazi wiki mbili mfululizo ataandikwa mapumziko ya siku mbili, apende asipende. Yangu yanaangukia mwisho wa Machi. Nimeshawaambia wawili kati ya vijana wetu, ambao hawajawahi kuvuka Nakuru, wajiandae na kofia na maji ya kutosha: tutashuka hadi Baringo.